Lori Likisimama, Ni Mzigo wa Nani?

Mwaka wa 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia shehena ya zaidi ya tani milioni 40. Reli hubeba sehemu yake, lakini mzigo mwingi bado huondoka Pwani kwa malori, na malori hayo hufuata barabara moja: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na Mlolongo hadi Nairobi, kisha Naivasha, Nakuru na Eldoret hadi Malaba, au kugeuka Mau Summit kuelekea Kericho, Kisumu na Busia. Huo ndio Ukanda wa Kaskazini, ambao Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo huutegemea. Nchini Kenya barabara hiyo hupita katika kaunti zaidi ya kumi. Kila kaunti ina gavana wake, bunge lake na sheria yake ya fedha ya kila mwaka, na kila moja huyashughulikia malori kana kwamba yamezaliwa mpakani mwake na yatakufa mpaka wa pili. Hoja ya makala haya ni kwamba msongamano, ajali na uchafu unaoandamana na malori hautapungua kwa kila kaunti kujipangia peke yake. Lori husimama pale safari inapolilazimisha kusimama, na safari haifuati mipaka ya kaunti. Kwa hiyo kaunti jirani zinapaswa kupanga na kusimamia vituo vya malori kwa pamoja, na sheria ya kuziwezesha kufanya hivyo tayari ipo.

Tuanze na mgawanyo wa majukumu, kwa sababu ndiko tatizo lilikozaliwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kitaifa ujenzi na uendeshaji wa barabara kuu, na Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA) ndiyo inayozitunza. Jedwali hilo hilo liliipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, uchukuzi wa umma, pamoja na trafiki na maegesho katika eneo lake. Masoko, leseni za biashara, taka na mipango ya miji pia ni kazi za kaunti. Matokeo yake ni kwamba lori likiwa mwendoni ni la serikali ya kitaifa: KeNHA hulipima uzito na polisi wa trafiki hulisimamia. Likisimama, kila mmoja humtazama mwenzake. Ukingo wa barabara ni hifadhi ya KeNHA, kibanda kinachomuuzia dereva chai kina leseni ya kaunti, na taka zinazobaki asubuhi hazina mwenyewe. Lori linalosimama usiku kando ya barabara kuu liko ndani ya pengo hilo la kisheria, na pengo hilo hujirudia katika kila mji wa njiani.

Kwa nini malori husimama yanaposimama? Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2012, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Lori lililojaa, likipanda kutoka Pwani na kupita kwenye mizani na katika miji, likidumisha wastani wa kilomita 50 kwa saa litatumia zaidi ya saa tisa kuendesha tu. Yaani dereva anayeheshimu sheria hawezi kumaliza safari hiyo kwa siku moja. Lazima alale njiani. Mtito Andei, karibu na katikati ya safari, ni mahali pa kawaida pa kulala, na mji huo uko Makueni, jirani kabisa na Taita Taveta. Sheria inamwamuru dereva apumzike, lakini hakuna sheria wala bajeti inayosema atapumzika wapi. Basi anaegesha ukingoni, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anamwachia utingo kazi ya kulinda mzigo na dizeli, kisha analala ndani ya kabini. Lori likiharibika, matawi ya mti yanatupwa barabarani ili kuwaonya wanaokuja. Matawi hayo ndiyo ishara ya usalama ambayo kila dereva wa Kenya anaijua, na huachwa palepale hata lori likishaondoka.

Vituo vingine huzaliwa na maamuzi ya serikali yenyewe. Mlolongo, katika kaunti ya Machakos, ulikua kwa sababu ya mizani na foleni za malori yaliyosubiri kupimwa na kuingia Nairobi. Nyumba za kulala wageni, gereji, maduka ya vipuri na vibanda vya chakula viliifuata foleni hiyo. Nairobi ikiyabana malori saa za msongamano, Machakos ndiyo inayoyapokea, na barabara za mitaa ya Mlolongo na Syokimau ndizo zinazochimbika. Hali ilikuwa hiyohiyo kule magharibi mwaka wa 2020, madereva walipolazimika kusubiri matokeo ya vipimo vya korona kabla ya kuvuka kwenda Uganda. Foleni ya Malaba ilirefuka makumi ya kilomita, ikavuka Busia na kuingia Bungoma. Uamuzi ulikuwa wa mataifa mawili, lakini vyoo, maji na hofu ya maambukizi viliziangukia kaunti mbili ambazo hazikuwa na mpango wowote wa pamoja wa kupokea maelfu ya wageni waliokwama.

Mfano mkubwa zaidi wa mzigo kuhamishwa bila wenyeji kuulizwa ni ule wa reli. Mwaka wa 2019 serikali iliagiza makontena ya waagizaji yasafirishwe kwa reli hadi bohari ya Nairobi, na mwishoni mwa mwaka huo bohari nyingine ikafunguliwa Naivasha kwa mizigo ya nchi jirani. Mombasa iliandamana: madereva, makanika na wenye maghala waliona riziki yao ikipanda treni. Nakuru kwa upande wake ilianza kupokea malori yanayokuja kuchukua mizigo Naivasha. Septemba 2022 serikali mpya ilirudisha shughuli hizo Mombasa, na malori yakarudi kwenye barabara ya Pwani. Mtu anaweza kuunga mkono agizo la kwanza au la pili. Jambo lisilopingika ni kwamba katika miaka mitatu tu mzigo ulihamishwa kutoka kaunti hadi kaunti na kurudishwa, na hakukuwa na meza ambako Mombasa, Makueni, Machakos na Nakuru zingeketi pamoja kueleza gharama ya kila uamuzi kwa miji yao.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kila kaunti kuyazuia malori mjini mwake. Sayansi ya lami inaonyesha hatari ya njia hiyo. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10, ambayo ndiyo kikomo cha ekseli moja yenye tairi pacha nchini Kenya, huidhuru barabara mara elfu kumi kuliko ekseli ya tani moja. Ekseli ikizidisha uzito kwa asilimia 20, uharibifu unaongezeka maradufu. Barabara kuu imejengwa kuhimili mzigo huo. Barabara ya kaunti yenye changarawe au lami nyembamba haikujengwa hivyo. Kaunti ikifunga njia, malori hayatoweki. Yatatafuta njia ya pembeni, na mara nyingi njia hiyo ni ya kaunti jirani, ile ile inayotumiwa na wanaokwepa mizani. Kilomita chache zilizookolewa upande mmoja zinaweza kulipiwa kwa barabara nzima upande wa pili. Hatari hiyo itaongezeka ushuru wa barabara utakapoanza kutozwa kati ya Rironi na Mau Summit, kwa sababu wako watakaotafuta njia isiyolipiwa.

Gharama iliyo kubwa kuliko lami ni maisha ya watu. Siku ya mwisho ya mwaka wa 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa katika kaunti ya Nakuru, na watu 36 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena liliacha njia katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likagonga magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Baada ya Londiani, serikali ya kitaifa iliagiza wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Lakini mchuuzi yuko pale kwa sababu magari husimama pale, na magari husimama pale kwa sababu hayakutengewa mahali pengine. Salgaa na Londiani ziko katika kaunti mbili zinazopakana, na ni malori yale yale yanayopita kote kuwili. Nakuru ikijenga kituo kizuri upande wake bila Kericho kuhamisha soko lake, au Kericho ikihamisha soko bila kujua malori yatasimama wapi upande wa Nakuru, nusu ya hatari itabaki, na huenda ikahamia kona mpya isiyotarajiwa.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Njia ya Brenner, inayovuka milima ya Alpi kati ya Ujerumani, Austria na Italia, hupitisha malori zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Tangu 2017 jimbo la Tirol nchini Austria, katika siku maalumu, huruhusu takriban malori 300 tu kwa saa kupita karibu na Kufstein. Wakazi wa Tirol hupata nafuu, lakini foleni hujipanga upande wa Bavaria. Malalamiko yakaongezeka hadi Italia ikaishtaki Austria katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka wa 2024. Hata hivyo, mwaka wa 2023 viongozi wa Bavaria, Tirol na Tirol Kusini waliafikiana kuhusu wazo la lori kujiwekea nafasi ya kupita kabla ya kufika, ili foleni isijengeke barabarani. Wazo hilo bado linahitaji mikataba ya mataifa, na hapo ndipo linapokwama. Brenner inatufunza mambo mawili: kizuizi cha upande mmoja hugeuka kuwa foleni ya jirani, na serikali za chini zinaweza kufikia mwafaka ambao mataifa yameshindwa kuufikia. Tofauti ni kwamba jambo muhimu zaidi kwetu, yaani maegesho, tayari liko mikononi mwa kaunti. Hazihitaji kusubiri mkataba wa mtu.

Kifungu cha 189 cha Katiba kinasema wazi kwamba serikali za kaunti zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja ili kutekeleza majukumu yao. Sheria ya Uhusiano baina ya Serikali ya 2012 iliweka njia ya kufanya hivyo, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaruhusu mpango mmoja wa matumizi ya ardhi kwa kaunti zaidi ya moja. Ninapendekeza kaunti zinazopakana, kwa mfano Taita Taveta, Makueni, Kajiado na Machakos, ziunde mamlaka moja ya vituo vya malori yenye kazi nne tu. Ya kwanza ni kuchagua kwa pamoja maeneo ya maegesho nje ya barabara kwa kufuata umbali wa safari na saa za uchovu, bila kujali ni kaunti gani itapata kituo. Ya pili ni kutoza ada moja: tiketi iliyolipwa Mtito Andei itambuliwe Emali na Mlolongo usiku huo huo. Ya tatu ni kupanga saa za malori kupita katikati ya miji ili kizuizi cha mmoja kisiwe foleni ya mwingine. Ya nne ni kuwa na magari ya kuvuta malori yaliyoharibika na huduma ya dharura inayovuka mpaka wa kaunti bila kuomba ruhusa. KeNHA na polisi wa trafiki wawe na kiti katika mamlaka hiyo, kwa kuwa lango la kituo lazima lifunguke kwenye barabara yao.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba barabara ni ya kitaifa, basi serikali ya kitaifa ijenge vituo. Ni kweli kwamba KeNHA ina wajibu mkubwa na ina uwezo wa kutenda. Mizani inayopima malori yakiwa mwendoni huko Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye imeonyesha kwamba lori lisilozidisha uzito linaweza kupita bila kusimama kwenye mizani ya kawaida, na foleni ikapungua. Lakini kituo cha malori ni zaidi ya uwanja wa lami. Kinahitaji ardhi iliyopangwa, maji, taka kuzolewa, taa, kliniki, soko na leseni, na hizo zote ni kazi za kaunti. KeNHA ikijenga uwanja mahali ambapo mpango wa mji haukuutarajia, wafanyabiashara watabaki pale walipo na madereva watawafuata.

Pingamizi la pili ni la fedha. Kaunti nyingi zina mapato madogo ya ndani, na lori ni chanzo rahisi: askari wa kaunti akisimama barabarani na kitabu cha stakabadhi, fedha zinaingia kabla ya saa sita mchana. Kugawana ada na jirani kunaonekana kama kupoteza. Hata hivyo, Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti haki ya kutoza ada kwa huduma inazotoa, na kinakataza itumie uwezo wa kutoza kodi kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Ada ya kuegesha kwenye ukingo usio na choo wala mlinzi ni ada ya huduma gani? Tozo ya namna hiyo ina msingi dhaifu kisheria, na kila kaunti inayoidai huisukuma biashara kwenye kaunti inayofuata. Mwenye lori atalipa kwa hiari penye ulinzi, kwa sababu dizeli na tairi zinazoibwa usiku mmoja humgharimu kuliko tiketi. Hapo kaunti zigawane mapato kwa kuhesabu saa ambazo malori yamelala katika kila kituo. Kaunti zinazozungumza kwa sauti moja zitakuwa pia na hoja nzito zaidi katika mvutano wa tozo ya mafuta. Tozo hiyo ni shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024, na mwaka huo huo magavana na Bunge la Kitaifa walizozana kuhusu shilingi bilioni 10.5 zake. Gavana anayeweza kuonyesha malori mangapi yamelala kwake na yamedhuru nini ana ushahidi. Anayedai kwa kelele tu hana.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote: kwamba vyombo vya pamoja vya kaunti vimekuwa vya mikutano na matamko. Jumuiya ya Kaunti za Pwani na miungano mingine ya kiuchumi imezinduliwa kwa shangwe, lakini mingi imekosa sheria na michango ya kudumu, na magavana wanapobadilika, ari hubadilika. Ndiyo maana napendekeza chombo chembamba. Muungano unaotaka kufufua kilimo, utalii, viwanda na afya kwa pamoja hauna jambo moja la kupimwa nalo. Mamlaka ya vituo vya malori hupimika kila usiku: malori mangapi yamelala ndani ya kituo na mangapi yamebaki ukingoni. Iundwe kwa sheria itakayopitishwa na kila bunge la kaunti husika kwa maneno yale yale, igharamiwe kwa ada yake yenyewe, na kaunti inayotaka kujitoa itoe notisi ya mwaka mzima. Kaunti itakayokataa kujiunga isizuie wengine kuanza. Madereva wakishaona tofauti, mapato yake yatahamia kwa jirani zake, na hilo litaishawishi kuliko hotuba.

Wengine watasema tusubiri reli. Reli inastahili kuimarishwa, na kila kontena inayosafiri kwa treni inaondoa lori moja barabarani kwa safari ndefu. Lakini treni haifiki kwenye ghala la kila mwenye mzigo. Kontena iliyoshushwa Naivasha hupakiwa kwenye lori kuelekea Malaba, na ile ya Nairobi husambazwa kwa lori mjini na viungani. Reli ikikua, mahali pa kusimama patahama na idadi itabadilika, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na mamlaka inayoutazama ukanda mzima. Lililo la haki zaidi kuliko hilo ni lalamiko la mama lishe na muuza vipuri anayeogopa kwamba kituo kipya kitamwondolea wateja. Mara nyingi vituo hujengwa, vibanda vikapewa wenye uwezo, na aliyeanzisha biashara kwa jasho lake akabaki nje ya ua. Mamlaka ya pamoja isipate kibali cha kufungua kituo kabla wafanyabiashara wa ukingo huo hawajaorodheshwa na kupewa nafasi za kwanza. Bila hilo watarudi barabarani, madereva watawafuata, na fedha za umma zitakuwa zimejenga uwanja mtupu.

Muda wa kulifanya jambo hili unajulikana. Mipango ya Maendeleo ya Kaunti ya sasa inaisha mwaka wa 2027, na baada ya uchaguzi wa Agosti mwaka huo kila kaunti itaandika mpango mpya wa miaka mitano, ikilazimika kusikiliza maoni ya wananchi. Mkazi wa Voi, Mtito Andei, Emali, Mlolongo, Salgaa, Londiani au Malaba atakayehudhuria kikao hicho asiridhike kuahidiwa taa mbili na choo kimoja. Aulize: malori yanayolala hapa yametoka kulala wapi, yataenda kulala wapi, na kaunti yetu imekubaliana nini na jirani zetu kuhusu safari hiyo? Ajibiwe kwa maandishi, jina la kaunti jirani likiwemo. Pasipo makubaliano hayo, kila shilingi itakayotumika upande mmoja itakuwa inahamisha hatari hadi upande wa pili, na watu wa pande zote mbili ndio watakaoendelea kuzika jamaa zao.